Chumba Kilichoitwa Ikulu

Ilikuwa Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakianguka bila haraka, kama karani anayesubiri mwisho wa mwezi. Wanaume wanne walimtoa mama mkwe chumbani kwake akiwa ameketi juu ya kiti cha mbao, wawili mbele na wawili nyuma. Miguu yake ilikuwa imekataa kumbeba kwa mwezi wa tano sasa. Alikuwa ameushika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili, akitazama mbele. Walipofika mlangoni hakuinamisha kichwa. Ilibidi wao wainamishe kiti.

"Anayeingia chumbani kwangu ni nani?" aliuliza walipofika sebuleni.

Hoteli, mke wa mwanawe, alikuwa nyuma yao na mito miwili kifuani. "Malkia, mama."

"Malkia wa wapi?"

"Wa kuigiza. Wa kwenye tamthilia."

Mama mkwe alilitafakari jambo hilo. "Mwambieni asilalie upande wa kushoto. Ubao mmoja umelegea."

Hoteli halikuwa jina lake. Mama mkwe alimbandika mwaka wa kwanza wa ndoa, alipopata habari kwamba mkwewe hulipwa mshahara kwa kutandika vitanda vya watu asiowajua. Jina lilimganda. Miaka kumi na tisa baadaye alikuwa bado mhudumu wa vyumba katika hoteli ileile, ghorofa ya tatu, vyumba kumi na vinne kwa zamu, na hata mumewe, fundi bomba, alimwita hivyo siku alizokuwa na furaha. Siku hizo zilikuwa zimepungua tangu kazi za mabomba ziwe haba.

Nyumba yao ilikuwa ya zamani, yenye kuta nene na dari za juu. Chumba cha mama mkwe ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote: dirisha refu la mbao lenye mabawa mawili, sakafu nyekundu iliyong'aa kwa nta, na kitanda cha nguzo nne alichochongewa na marehemu mumewe. Uzuri huo wote ulikuwa chini ya paa lililooza. Mvua ikizidi, maji yalishuka ukutani hadi nyuma ya kabati. Kwa hiyo watu wa tamthilia walipokuja kutafuta chumba cha malkia mgonjwa anayetawala nchi kutoka kitandani, wakaahidi kwa siku nne malipo ya kutosha kuezeka upya, fundi bomba na mkewe hawakuchukua muda kukubali. Walikubali jikoni, wima, maji ya chai yakichemka. Mama mkwe aliambiwa baadaye.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, ingawa hakuna aliyelitaja. Tangu nyumba hiyo iwe nyumba, hakuna jambo lililowahi kuamuliwa nje ya chumba kile. Wanafamilia walikiita Ikulu, kwa sauti ya chini. Ulibisha hodi, ukasubiri. Neno "Pita" lingeweza kutoka mara moja, au baada ya yeye kumaliza kuchana nywele. Shamba liliuzwa mle. Dada yake fundi bomba alipatanishwa na mumewe mle, na mara ya pili akaachanishwa naye mlemle. Watu waliingia na hoja zao, wakatoka na hoja zake.

*

Mwongozaji wa tamthilia alikuwa kijana mpole mwenye kofia, aliyezungumza kama mwalimu aliyeikosa shule. Asubuhi ile aliwakusanya watu wake mlangoni mwa chumba akawaeleza kazi. Barazani, alisema, mtawala huonekana tu. Chumbani ndiko anakotawala. Aliwataka watazame nani ameruhusiwa kukaa, nani amesimama, nani ameachwa mlangoni na maneno yake mdomoni. Umbali kutoka kitandani ndio cheo. Tamthilia yote ilikuwa hapo.

Hoteli alipita na ndoo, akasikia. Alijisemea kwamba kijana huyu asingehitaji kwenda chuo kama angekuja kuwa mkwe katika nyumba hii kwa wiki moja.

Mama mkwe alilazwa sebuleni, juu ya godoro lililowekwa sakafuni, kwa kuwa kitanda ndicho kilichokodiwa. Walimfungia kamba ukuta hadi ukuta, wakatundika shuka. Shuka lilikuwa fupi. Miguu yake ilionekana na kila aliyepita kwenda jikoni, na waliopita walikuwa wengi: wabeba taa, wavuta nyaya, msichana wa kupaka poda, wanaume wawili waliovaa mapanga ya mbao wakiuliza choo kiko wapi. Hakuna aliyebisha hodi. Shuka halina mahali pa kubisha.

Siku ya Jumanne jirani mwenye duka alikuja, kama alivyozoea, na kesi ya mpangaji wake. Alipoiona miguu ile chini ya shuka alisimama, akatoa shikamoo ya haraka, kisha akamgeukia Hoteli na kumweleza kesi yote hapo hapo kati ya jiko na sebule. Mpangaji alikuwa ameongeza mtu wa pili chumbani bila ruhusa. Hoteli alisema awaite wote wawili, awape mwezi mmoja, na waandike. Jirani alimtazama kana kwamba ameona dirisha mahali ambapo siku zote aliona ukuta. "Umenena," alisema, akaenda zake.

Hoteli alirudi kwenye masufuria akiwa na hisia ya mtu aliyevaa viatu vipya na kukuta havibani.

Mchana huohuo, kabla hajaondoka kwenda zamu, mumewe alimvuta pembeni ya korido. Alikuwa ameitwa kwenda mji wa pili kutandaza mabomba ya hospitali mpya, miezi sita. Walitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

"Wewe unaonaje?" aliuliza.

Alikuwa amewahi kumuuliza hivyo mara nyingi, lakini siku zote baada ya kutoka Ikulu, jibu likiwa tayari mfukoni. Safari hii alikuwa hajaenda kokote. Hoteli alilisikia swali likiwa jipya.

"Nenda," alisema. "Sisi tutajimudu."

Nyuma ya shuka mtu alikohoa. "Ninasikia," alisema mama mkwe. "Shuka si ukuta."

Fundi bomba alijibu kwamba bado hawajaamua, mama, walikuwa wanaongea tu. Hoteli alichukua mkoba wake akaenda kazini, na njia nzima alijikuta akitembea wima.

*

Alirudi saa moja jioni. Watu wa tamthilia walikuwa wameondoka, wakaufunga mlango wa chumba bila ufunguo. Aliingia kuchukua chupa ya dawa ya kuchua iliyosahaulika kabatini, akawasha taa, akasimama.

Kitanda kilikuwa kimevurugika. Shuka la hariri lilikuwa nusu sakafuni. Mto mmoja ulikuwa miguuni. Kikombe cha shaba kilikuwa kimelala ubavu juu ya zulia, na mbele yake doa jekundu la sharubati. Mshumaa ulikuwa umeyeyuka hadi nusu, ukatapika nta juu ya meza ya mama mkwe. Kila mahali sakafuni kulikuwa na alama za chaki.

Kuna watu hawawezi kupita mbele ya kioo bila kujitazama. Hoteli hakuwa na udhaifu huo. Wake ulikuwa kitanda. Kwa miaka kumi na tisa mikono yake ilikuwa imefundishwa kwamba chumba kilichotumiwa na mgeni hakilali kichafu. Tena hawa walikuwa wageni wa nyumbani kwake, na kesho wangesema nini? Alivua viatu. Alivuta shuka, akalinyoosha, akakunja pembe kwa nyuzi arobaini na tano kama kanuni ya hoteli inavyotaka. Alipiga mito, akaisimamisha. Aliosha kikombe. Alitoa doa kwa chumvi na maji baridi. Alikwangua nta, akatafuta mshumaa mpya katika sanduku lao, akausimamisha katikati. Mwisho akapiga deki, na chaki yote ikaondoka na maji.

Ilimchukua dakika ishirini na mbili. Alizima taa akiwa ameridhika.

Jumatano, saa mbili na nusu, alisikia ukimya. Alikuwa ameshazoea kelele zao, kwa hiyo ukimya ulimtisha. Alipofika mlangoni alimkuta mmoja wa watu wa tamthilia, dada wa daftari, ameketi juu ya kizingiti. Kazi ya dada huyo ilikuwa kupiga picha kila kitu kila wanapokatiza, ili wakiendelea kesho kila mkunjo uwe mahali pake. Daftari lake lilikuwa wazi magotini, lina picha ya kitanda kilichovurugika. Mbele yake kulikuwa na kitanda cha hoteli.

"Nani?" aliuliza mwongozaji, kwa upole uleule.

"Mimi," alisema Hoteli. "Palikuwa pachafu."

Mmoja wa wavuta nyaya alicheka, akajifanya anapiga chafya. Mwigizaji wa malkia, mwanamke wa makamo mwenye taji la karatasi ngumu lililopakwa rangi ya dhahabu, alisogea akachungulia. "Nimelala jana katikati ya vita," alisema, "leo naamka mtalii."

Mwongozaji hakucheka. Alieleza kwamba malkia alikuwa ameangusha kikombe baada ya kusikia jina la msaliti, na nusu ya tukio ilikuwa imepigwa. Sasa yote ilibidi irudiwe, na waliovaa mapanga walikuwa wameahidiwa mahali pengine hadi wiki iliyofuata. Alifungua mkataba, akaonyesha kwa kidole kipengele ambacho fundi bomba alikuwa ametia sahihi bila kukisoma. Mwenye nyumba hatagusa chumba. Akigusa, siku zilizoharibika atazifidia kwa siku. Malipo hayabadiliki, na hutolewa kazi ikiisha. Walikuwa watoke Alhamisi. Sasa wangetoka Jumatano ya wiki ijayo.

"Kwa hiyo?" alisema fundi bomba.

"Kwa hiyo chumba ni chetu bado, baba. Samahani."

Wote wawili, mume na mke, waligeuka kutazama shuka la sebuleni. Kisha fundi bomba akasema, bila kumtazama mkewe, "Nenda ukamwambie. Aliyelikoroga hulinywa."

*

Mama mkwe alikuwa macho. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Ulitandika kweli?"

"Nilitandika, mama."

"Ukakunja na pembe?"

"Nikakunja."

"Miaka yote nakwambia hujui kutandika. Siku umejua, umejua kwa hasara." Alitaka kucheka, lakini kikohozi kikamwahi, kikamshika muda mrefu. Sakafu ya sebule ilikuwa baridi na mvua haikuwa imekata tangu Jumatatu. Kilipomwachia, sauti yake ilikuwa imepungua. "Sikiliza. Hizo siku saba wanazozitaka wao, mimi sina hakika nazo. Nataka chumba changu. Hapa mimi ni kifurushi. Waambie."

"Nitawaambia, mama."

Hakuwaambia. Siku ile alijipa sababu: mwongozaji ana hasira, mume ana hasira, zamu inakaribia. Sababu zote zilikuwa za kweli. Lakini jioni jirani alirudi kumshukuru kuhusu mpangaji, na mdogo wa jirani alikuwa naye, ana lake la kuuliza. Na mumewe alimuuliza waweke wapi mtungi wa gesi, waanze na bati gani, binti yao aliye shule ya bweni aje likizo au abaki. Hoteli alijibu yote akiwa amesimama jikoni, na alipokuwa akijibu alijua vizuri ni nani anayesikiliza nyuma ya shuka bila kuulizwa. Ilimpendeza. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi baadaye, kwamba ilimpendeza.

Alhamisi mama mkwe hakula. Homa ilipanda. Mganga wa zahanati alikuja, akasikiliza kifua, akasema mgonjwa asilale chini. Wakati anaandika dawa, mvuta nyaya aliruka godoro ili asizunguke, na kiatu chake kikagusa nywele za mama mkwe. Aliomba radhi huku akienda. Mama mkwe alivuta shuka la kujifunika hadi machoni, na Hoteli, aliyemwogopa mwanamke huyo tangu siku ya kwanza, aliona kwamba anajificha.

Alikwenda moja kwa moja kwa mwongozaji. Mwongozaji alisikitika, akasema haiwezekani. Ni dada wa daftari aliyemfuata hadi kwenye kamba ya nguo.

"Dada, wewe unajua vitanda," alisema. "Unaweza kuvuruga kitanda kwa ustadi?"

"Kuvuruga?"

"Tukiondoka saa kumi na mbili jioni, bibi alale mle. Saa kumi na moja alfajiri umtoe, ukirudishe kitanda kama kwenye picha zangu. Mkunjo kwa mkunjo. Bosi hana haja ya kujua, ila ukikosea tumekwisha wote."

Basi ikawa hivyo. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, alfajiri, Hoteli na mumewe walimwinua mama mkwe kutoka kitanda cha malkia, wakamshusha sebuleni. Kisha Hoteli alibaki peke yake na picha. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kutandika. Pembe ya shuka iguse ukingo wa zulia. Mto uwe na shimo la kichwa upande wa dirisha. Kikombe kielekee mlango. Mikono yake ilitaka kunyoosha, naye aliizuia kama anayezuia mbwa. Alikuwa akimaliza jua likichomoza, mgongo ukimuuma, na bado zamu yake yote ilikuwa mbele.

Jioni, mle ndani, mama mkwe alikuwa mtu mwingine. Homa haikushuka, lakini sauti ilirudi. Fundi bomba alibisha hodi, akasubiri. Jirani alibisha hodi. Jikoni hakuja mtu na swali lolote. Hoteli aliliona hilo, akaendelea kuosha vyombo.

*

Jumatatu ya pili, saa kumi na moja alfajiri, mama mkwe alikuwa ameshika nguzo ya kitanda.

"Leo sitoki," alisema.

Fundi bomba alianza kwa upole. Zilibaki siku tatu. Malipo yangetoka Jumatano, bati zilikuwa zimechaguliwa, na paa lenyewe ni la kwake, mama. Alisema yote hayo mara mbili. Mara ya tatu sauti ilipanda. Mama mkwe alimtazama kama anayetazama mvua kupitia dirisha lililofungwa.

Saa moja na nusu watu wa tamthilia waliingia, wakakuta mlango umefungwa. Walijipanga koridoni. Mwigizaji wa malkia aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, taji mapajani, akila mkate. Mwongozaji aliuliza kuna nini, na dada wa daftari, kwa sauti ndogo, akamweleza yote. Hakumfokea. Alivua kofia, akajifuta uso kwa kiganja, akasema anampa mwenye nyumba dakika kumi.

Ndani, mama mkwe alikuwa amefumba macho. Vidole vyake kwenye nguzo vilikuwa vimegeuka rangi ya majivu.

"Baba, toka kidogo," alimwambia mwanawe. "Hoteli abaki."

Fundi bomba alitoka. Mama mkwe alisubiri mlango ufungwe, kisha akafumbua macho.

"Jumatano nilikwambia uwaambie. Hukuwaambia."

"Sikuwaambia."

"Nilikusikia jikoni. Unaamua vizuri. Kwa yule mpangaji ningesema wiki mbili, lakini mwezi si mbaya." Alivuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena. "Sina nguvu ya kubishana na watu wa nje. Wala ya kubishana na mwanangu. Nikitoka, paa litajengwa. Nikibaki, halijengwi, na wewe ndiye utakayeishi chini yake. Basi amua wewe. Ukisema nibebwe, nitaachia nguzo."

Hoteli alisimama. Alikuwa amelitamani neno hilo kwa miaka, akijua hata maneno ambayo angelijibu. Sasa lilikuwa limefika na lilikuwa zito kama godoro lililolowa. Alimfikiria mumewe, ambaye hakuwa amepata kazi ya maana kwa mwaka. Alifikiria maji nyuma ya kabati. Alifikiria vilevile kwamba mama mkwe angekubali kweli, angeachia nguzo bila neno, na kwamba yeye angeuona mkono ule ukiachia.

Alifungua mlango. Korido nzima ilimgeukia.

"Leo hamuingii," alisema. "Wala kesho."

"Mama, pengine hujanielewa," alisema mwongozaji. "Malipo ni kazi ikiisha. Kazi haijaisha."

"Nimekuelewa."

"Hata senti moja, mama. Ofisi haitanisikiliza."

"Nimekuelewa, mwanangu. Mgonjwa amelala. Punguzeni sauti mkitoa vitu."

Fundi bomba alisogea ukutani kuwapisha wabeba taa. Alimtazama mkewe, kisha mlango uliokuwa nyuma yake, kisha tena mkewe.

*

Mwongozaji alipiga simu tatu chini ya turubai, kisha akawaamuru watu wake wapakie. Chumba cha malkia kilijengwa upya kwa mbao nyembamba ndani ya ghala.

Dada wa daftari alifuta mwenyewe alama za chaki za koridoni kwa kitambaa kibichi, kwa kuwa za chumbani hakuruhusiwa kuzifikia.

Mwigizaji wa malkia alibisha hodi, akasubiri, akaingia kumsalimia mgonjwa. Alitoka baada ya dakika kumi, taji likiwa kwapani, na hakumwambia mtu walichozungumza.

Fundi bomba hakumsemesha mkewe hadi Alhamisi. Siku hiyo aliingia chumbani kumuuliza mama yake juu ya kazi ya mji wa pili, akatoka, akaenda jikoni, akamuuliza mkewe. Aliondoka Jumapili na begi moja na spana zake.

Jirani alimpa mpangaji wake mwezi mmoja, kwa maandishi.

Jumatatu ile mama mkwe alilala hadi saa saba mchana. Alipoamka alitaka chai, akaionja, akasema haina sukari, akainywa yote.

Siku hiyohiyo Hoteli alifika kazini amechelewa dakika arobaini. Alitia sahihi katika kitabu cha wachelewaji, akachukua toroli lake, akapanda ghorofa ya tatu.